Washington au Munich: wapi pa kupimia udhahiri wa hataza ya kemia ya asidi

Asidi ya salfyuriki ya asilimia 10, joto nyuzi 100 za Selsiasi. Hivyo ndivyo andiko moja la wanakemia lilivyoelekeza namna ya kuivunja kumeni hidroperoksidi ili itoe fenoli. Wakatokea wengine wakaomba hataza (au patenti, kama wengi tunavyoiita), yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa njia hiyo hiyo, ila asidi yao ilikuwa ya asilimia 25 hadi 70, na joto lao nyuzi 40 hadi 80. Walidai mavuno yao ni bora. Mwaka 1955 mahakama ya Marekani iliyokuwa ikisikiliza rufaa za hataza ikawajibu kwamba pale masharti ya jumla ya njia yanapokwisha kujulikana, kutafuta viwango vinavyofaa kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi. Kesi hiyo inaitwa In re Aller, na mpaka leo mkaguzi wa Marekani akitaka kukukatalia hataza ya asilimia fulani ya asidi, atakutajia jina hilo kabla hujamaliza kujieleza.

Ombi hilo hilo lingepelekwa leo Munich, kwenye Ofisi ya Hataza ya Ulaya, lingeweza kukataliwa pia, lakini kwa njia nyingine na kwa maswali mengine. Tofauti hiyo ya maswali ndiyo ninayotaka kuilinganisha hapa. Msomaji ninayemfikiria ana hataza inayohusu asidi: chumvi ya dawa, pH ya myeyusho, joto la mtambo, au molekuli yenyewe ya asidi. Au yuko upande wa pili, anataka kuiangusha. Anajiuliza aelekeze nguvu wapi, na aandae ushahidi wa namna gani.

Nikisema Washington nina maana ya mfumo wa Marekani kwa jumla: ofisi yao ya hataza, bodi yake ya kesi na rufaa, na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho inayosikiliza rufaa za hataza kutoka nchi nzima. Nikisema Munich nina maana ya Ofisi ya Ulaya pamoja na Bodi zake za Rufaa.

Swali linavyoulizwa

Washington huanza na kifungu cha 103 cha sheria yao ya hataza, kinachokataa hataza kwa jambo ambalo lingekuwa dhahiri kwa mjuzi wa kawaida wa fani, na hukisoma kupitia kesi ya Graham dhidi ya John Deere ya mwaka 1966, kesi ya plau, si ya kemia. Mahakama ikaweka mambo ya kutazamwa: maarifa yaliyotangulia yalisema nini, tofauti kati yake na dai (sentensi ya hataza inayosema ni nini hasa kinalindwa) ni ipi, mjuzi wa kawaida wa fani alikuwa na kiwango gani, kisha ushahidi wa pembeni kama mafanikio ya sokoni, hitaji la muda mrefu, na wengine kushindwa. Siku hiyo hiyo iliamuliwa pia kesi ya betri ya Adams, yenye magnesi na kloridi ya shaba, iliyoamshwa kwa maji tu. Wataalamu wa serikali walikuwa wameona haiwezi kufanya kazi. Kutoamini kwao kukawa ushahidi mzuri kwamba haikuwa dhahiri. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR, Mahakama Kuu ikalegeza kamba kwa upande wa wapinzani: mjuzi wa fani ana akili ya kawaida, na kama mbele yake kuna njia chache zinazojulikana na zinazotabirika, kujaribu mojawapo kunaweza kuwa dhahiri.

Munich haikusanyi mambo yote kapuni halafu ikayapima kwa pamoja. Inapanda ngazi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 bodi zake hutumia njia ya tatizo na suluhisho: kwanza chagua andiko la karibu zaidi na uvumbuzi, pili tazama dai lina tofauti gani na andiko hilo, na tofauti hiyo inaleta athari gani ya kiufundi, kutokana na athari hiyo tunga tatizo, tatu uliza kama mjuzi wa fani, akiwa na tatizo hilo, *angefanya* kile kilichodaiwa. Si kama *angeweza*. Angefanya.

Neno hilo limetoka kwenye uamuzi T 2/83, unaohusu asidi ya tumboni. Kidonge kilikuwa na dawa mbili, ya kutuliza asidi na ya kuondoa gesi, na ikabainika ya kwanza inaidhoofisha ya pili. Mwombaji akaweka tabaka la kuzitenganisha. Ukiambiwa hivyo leo utasema, kuna ugumu gani hapo? Kila fundi wa vidonge anajua kuweka tabaka. Bodi ikasema anajua, lakini kabla tatizo halijatambuliwa hakuwa na sababu ya kuliweka. Ombi likapona.

Kwa macho yangu njia ya Munich inatabirika zaidi. Unajua mapema ushindi utategemea kitu gani, na kitu chenyewe mara nyingi ni jedwali moja la majaribio. Njia ya Washington ina nafasi kubwa ya hadithi: nani alijaribu, nani alishindwa, nani alicheka. Kama unayo hadithi ya kweli, hiyo ni mali. Kama huna, hutaipata Washington.

Asilimia, joto na pH

Hapa ndipo hataza nyingi za asidi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfano bora wa karibuni ni DuPont dhidi ya Synvina, uliotolewa hukumu Septemba 2018. Kitu chenyewe ni asidi ya furani dikaboksiliki, asidi inayotokana na sukari za mimea na inayoweza kuchukua nafasi ya asidi ya tereftaliki kwenye plastiki za chupa. Serikali ya Marekani ilikuwa imeiorodhesha mwaka 2004 miongoni mwa kemikali 12 za msingi zinazoweza kutoka kwenye mimea, kwa hiyo fedha nyingi zilikuwa zikiinyemelea. Dai lilieleza uoksidishaji ndani ya asidi ya asetiki, kwa kichocheo chenye kobalti, manganizi na bromidi, joto nyuzi 140 hadi 200, na mgandamizo wa oksijeni wa bari 1 hadi 10. Maandiko ya nyuma yalikuwa na viambato vya namna hiyo na viwango vilivyoingiliana na hivyo.

Bodi ya hataza ilimpa ushindi Synvina, mwenye hataza, dhidi ya DuPont aliyeipinga. Mahakama ikaigeuza. Ikasema viwango vikiingiliana, kunazaliwa dhana ya awali kwamba dai ni dhahiri, na sasa ni juu ya mwenye hataza kuleta kitu: ama viwango vyake vinatoa matokeo yasiyotarajiwa, ama maandiko ya nyuma yalimfukuza mjuzi asiende huko, ama kigezo chenyewe hakikujulikana kuwa kinaathiri matokeo. Joto na oksijeni katika kuoksidisha! Hakuna mwanakemia atakayeapa kwamba hakujua vinaathiri mavuno. Synvina akaanguka.

Miaka miwili baadaye ikaja Valeant dhidi ya Mylan, ambayo kwangu inatisha zaidi. Dai lilikuwa la myeyusho wa dawa ya methilinaltreksoni wenye pH ya takriban 3.0 hadi 4.0, unaodumu miezi 24 kwenye joto la kawaida la chumba. Hakuna andiko la nyuma lililokuwa limetaja pH hiyo kwa dawa hiyo. Kulikuwa na maandiko juu ya ndugu zake wawili, naloksoni na naltreksoni, na pH zao ziliingiliana na ya dai. Mahakama ya chini ilikuwa imempa mwenye hataza ushindi wa mapema bila kesi kusikilizwa. Mahakama ya rufaa ikautengua Aprili 2020 na kuirudisha kesi chini: molekuli zikifanana kwa umbo na kwa kazi, pH ya moja inaweza kujenga dhana ya udhahiri dhidi ya nyingine. Dhana, si hukumu ya mwisho. Watu husahau sehemu hiyo. Lakini mzigo ulikuwa umeshahama.

Wakili anaposimama na kusema "tofauti ni nukta moja tu ya pH", mkumbushe kwamba pH ni kipimo cha logi. Kutoka 4 kwenda 3 ioni za hidrojeni zimezidishwa mara kumi. Hoja hiyo hukata pande zote mbili, bahati mbaya: inaonyesha kwamba wigo wa nukta moja ni mpana, na inaonyesha pia kwamba yeyote anayetengeneza dawa ya maji hucheza na pH kabla ya kitu kingine chochote.

Munich ingeishughulikiaje pH ya namna hii? Kwanza ingeuliza swali la upya, yaani kama jambo lenyewe limekwisha kujulikana, kabla ya udhahiri. Wigo mdogo uliochaguliwa ndani ya wigo mkubwa uliojulikana unahesabiwa mpya kama ni mwembamba na uko mbali na mifano iliyotangulia. Zamani kulikuwa na sharti la tatu, kwamba uteuzi uwe na kusudi, lakini sasa sharti hilo limehamishiwa kwenye hatua ya uvumbuzi (jina la Munich la swali la udhahiri), na ndiko linakostahili. Baada ya hapo ingeuliza: ndani ya wigo kuna nini ambacho nje yake hakipo? Kama jibu ni "hakuna kilichoonyeshwa", tatizo linashushwa hadi kuwa "kutafuta njia nyingine", na kuokota namba ndani ya orodha ili kupata njia nyingine hakuhesabiwi uvumbuzi. Kama jibu ni "nje ya wigo dawa inaoza, ndani inadumu", basi mpinzani ndiye atafute andiko ambalo lingemwelekeza mjuzi kwenye pH hiyo *kwa ajili ya udumu huo*.

Tofauti ni nyembamba lakini ina uzito. Washington, kuingiliana kwa viwango kunatosha kukuweka kwenye ulinzi. Munich, mpinzani lazima aonyeshe sababu ya mjuzi kwenda kule. Tena Washington ina kigezo kinachowaumiza sana watu wa viwango: matokeo yasiyotarajiwa yanapaswa kutofautiana kwa aina, si kwa kiasi tu. Kigezo hicho kimo tayari katika Aller, na mwaka 2013 kilitumika katika Galderma dhidi ya Tolmar, kuhusu adapalini, ambayo ni asidi ya kundi la naftoiki inayopakwa kutibu chunusi. Maandiko ya nyuma yalitaja asilimia 0.01 hadi 1. Dai lilikuwa la asilimia 0.3. Mwenye hataza akaleta ushahidi kwamba madhara ya ngozi hayakuongezeka kama ilivyotarajiwa. Mahakama ikasema hiyo ni tofauti ya kiasi. Jaji mmoja kati ya watatu hakukubaliana, na mimi niko naye: mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu inamchoma haoni tofauti ya kiasi na aina. Munich haina kizingiti hicho. Ongezeko la kiasi linaweza kutosha, mradi halikutarajiwa na njia ya kuelekea huko haikuwa wazi kwa sababu nyingine yoyote.

Hiyo "sababu nyingine yoyote" isipitwe haraka. Munich ina fundisho la athari ya ziada: kama mjuzi angefika mahali fulani kwa vyovyote vile, zawadi asiyoitarajia anayoikuta huko haimgeuzi kuwa mvumbuzi.

Chumvi: kuchagua asidi kutoka kwenye orodha

Dawa nyingi ni besi dhaifu. Ili ziwe unga mkavu unaoyeyuka vizuri, hukutanishwa na asidi zikawa chumvi. Wanakemia wana kanuni ya mkononi: pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) ya asidi iwe chini ya ile ya besi kwa nukta mbili au tatu, la sivyo chumvi haitashikamana. Kwa hiyo orodha ya asidi zinazofaa si ndefu bila kikomo, ina mwisho wa kweli, na orodha yenye mwisho ndiyo silaha ya mpinzani.

Pfizer dhidi ya Apotex ya Machi 2007 inaonyesha silaha hiyo ikitumika. Amlodipini ya kushusha shinikizo la damu ilikuwa kwanza chumvi ya asidi ya maleiki. Vidonge vikawa vinanata kwenye mashine, na dawa haikudumu. Asidi ya maleiki ina kifungo maradufu kinachoweza kushambuliwa na amini ya dawa yenyewe. Pfizer akajaribu asidi nyingine kadhaa, akatua kwenye besilati, chumvi ya asidi ya benzini sulfoniki, akapata hataza. Mahakama ikaifuta. Kulikuwa na andiko la kitaalamu lenye orodha ya anioni 53 (sehemu ya asidi inayobaki kwenye chumvi) zilizokwisha kukubaliwa kwa dawa, na besilati ilikuwamo. Pfizer alisema hakuna aliyeweza kutabiri chumvi ipi ingefaa. Mahakama ikajibu kwamba sheria haidai uhakika, inadai matarajio ya busara ya kufanikiwa, na kupima chumvi za orodha hiyo kulikuwa kazi ya kawaida ya maabara.

Kesi hii ilitangulia KSR kwa wiki chache tu. Baada ya KSR ingekuwa ngumu zaidi kwa Pfizer, si rahisi zaidi.

Sasa iweke kando ya Sanofi dhidi ya Apotex, Desemba 2008. Klopidogreli nayo ni chumvi, ya bisalfeti, kutoka asidi ya salfyuriki ambayo kila mtu anaijua. Nayo ilitoka kwenye hataza ya awali iliyoeleza kundi pana la misombo. Lakini hataza ikapona. Kwa nini? Kwa sababu ushindi haukuwa kwenye chumvi. Molekuli ya awali ilikuwa mchanganyiko wa isoma mbili, zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Zilipotenganishwa, kwa msaada wa asidi ya kamfosulfoniki, ikaonekana moja ina kazi yote ya kuzuia damu kuganda bila sumu kubwa ya mishipa ya fahamu, na nyingine haina kazi ila ina takriban sumu yote. Jambo hilo halikutabirika. Isoma nyingi hugawana mema na mabaya, hazigawani hivi. Mahakama Kuu ya Kanada nayo iliiokoa hataza ya Sanofi ya dawa hiyo hiyo Novemba 2008.

Anayesoma kesi hizi mbili pamoja na kuhitimisha kwamba "bisalfeti inapita, besilati haipiti" amesoma lebo ya chupa akaacha kilichomo.

Kwa Munich, mfano wa karibu si wa chumvi bali wa fuwele: T 777/08 ya mwaka 2011, kuhusu atovastatini. Bodi ilisema kwamba kutafuta umbo la fuwele la dawa badala ya unga usio na fuwele ni jambo ambalo mjuzi wa fani angelifanya, kwa matarajio ya kuchujika na kukauka vizuri. Bila imani potofu ya kitaalamu iliyokuwa inamzuia, na bila sifa isiyotarajiwa, kupata tu fuwele mpya si hatua ya uvumbuzi. Nadhani hoja hiyo inahamia kwenye chumvi bila kusukumwa sana. Kwa hiyo kwenye chumvi tupu, Washington na Munich karibu zinafika kijiji kimoja. Tofauti itatokea ukiwa na sifa ambayo hakuna aliyeitafuta. Chumvi inayeyuka zaidi? Ilitafutwa. Hainati? Ilitafutwa. Chumvi inapenya ngozi wakati zote za jamii yake hazipenyi? Hapo kuna kesi.

Molekuli yenyewe ya asidi

Hapa hali ni njema kuliko watu wanavyodhani, hasa Washington. Mahakama za huko hudai mpinzani aonyeshe kwanza kwa nini mjuzi angeuchukua msombo fulani wa zamani kama mahali pa kuanzia, kisha kwa nini angeubadilisha kwa namna ile. Katika Procter & Gamble dhidi ya Teva ya mwaka 2009, risedronati, ambayo ni ya jamii ya asidi za bisfosfoniki za kutibu mifupa, ilishindanishwa na ndugu yake aliyekuwa kwenye hataza ya zamani ya kampuni hiyo hiyo. Tofauti yao ni mahali nitrojeni ilipo kwenye pete: nafasi ya 2 au ya 3. Atomi zile zile, idadi ile ile. Mahakama ikasema hakuna sababu iliyoonyeshwa ya kuanzia kwa ndugu huyo, na hata kama ingekuwapo, bisfosfonati hazitabiriki. Nguvu na sumu ya risedronati hazikutarajiwa. Hataza ikabaki.

Lakini asidi hizo hizo za mifupa zilipodaiwa kwa ratiba ya kumeza, zilianguka: alendronati ya mara moja kwa wiki mwaka 2005, ibandronati ya mara moja kwa mwezi mwaka 2014. Umbo lilisimama, ratiba ikaanguka.

Munich haihitaji msombo wa kuanzia uchaguliwe kwa ukali huo, ila ina mtego wake. T 939/92, ya mwaka 1995, inasema athari unayoidai lazima iaminike kwa takriban kila msombo ulio ndani ya dai. Ukidai asidi zote za fomula fulani, elfu kwa maelfu, na umepima kumi, bodi itauliza hao wengine wanafanya nini. Ukishindwa kujibu, athari inatupwa nje ya hesabu na tatizo linashuka hadi kuwa "kutengeneza kemikali nyingine", ambalo mtu yeyote angelitatua. Waombaji waliozoea Washington hujikwaa hapa mara kwa mara kwa sababu wanaandika madai mapana kwanza na kupunguza baadaye.

Tarehe iliyoandikwa kwenye daftari

Kama ningeruhusiwa kulinganisha jambo moja tu, lingekuwa hili. Jaribio linaloonyesha ubora wa asidi yako lilifanywa lini, na je, athari hiyo inaonekana kwenye ombi kama lilivyowasilishwa?

Washington kwa kawaida hukubali ushahidi wa matokeo yasiyotarajiwa uliopatikana baada ya kuwasilisha ombi, hata miaka baadaye. Mali ya msombo ni sehemu ya msombo, hata kama imegunduliwa kesho.

Munich ni kali zaidi. Bodi Kuu ya Rufaa ilitoa uamuzi G 2/21 tarehe 23 Machi 2023: ushahidi haukataliwi kwa sababu tu umechelewa, lakini athari inayotegemewa lazima iwe ile ambayo mjuzi wa fani, akisoma ombi la awali kwa maarifa yake ya kawaida, angeiona imo ndani ya fundisho lake la kiufundi na imebebwa na uvumbuzi ule ule. Kwa lugha ya maabara: kama ombi linazungumzia udumu tu, usije miaka mitano baadaye ukiwa na jedwali la upenyaji wa ngozi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Ombi lililoandikwa kwa kuifikiria Munich litaingia Washington bila shida. Lililoandikwa kwa kuifikiria Washington peke yake, likiwa na dai pana na ahadi ya kuleta data baadaye, linaweza kukwama Munich na hutakuwa na namna ya kulirekebisha, maana huruhusiwi kuongeza maudhui baada ya kuwasilisha.

Ukiwa upande wa anayepinga

Hapa nitapita haraka. Munich unaruhusiwa kuweka pingamizi ndani ya miezi 9 tangu hataza itangazwe kutolewa. Mtu yeyote anaweza, hata asiye na maslahi, na ukishinda hataza inaanguka kwa nchi zote ilizozigusa kwa pamoja. Ukichelewa, utaenda mahakama za nchi moja moja, au Mahakama ya Pamoja ya Hataza iliyoanza kazi Juni 2023, kwa nchi zilizojiunga nayo na hataza ambazo hazijatolewa kwenye mamlaka yake.

Washington mlango wa bodi unaotumika zaidi hufunguka pale wa Munich unapofungwa: mapitio ya kupingana (inter partes review), yaani kuiomba bodi iipime upya hataza, huombwa baada ya miezi 9 tangu hataza kutolewa. Ila ukishashtakiwa kwa kuivunja hataza una mwaka mmoja tu. Silaha ni maandiko yaliyochapishwa na hataza nyingine, kwa hoja za upya na udhahiri peke yake. Kipimo ni kuwa na uzito zaidi kuliko upande wa pili, wakati mahakamani utatakiwa ushahidi ulio wazi na wenye kusadikisha, kiwango ambacho Mahakama Kuu ilikithibitisha mwaka 2011. Kwa hoja ya viwango vinavyoingiliana, bodi ndiyo mahali. Synvina aliangushwa kwa kuanzia huko. Jihadhari tu: bodi ina hiari ya kukataa kuifungua kesi, na ukiifungua ukashindwa, hoja ulizoweza kuzitoa huko zinaweza kuzuiwa mahakamani.

Ningechagua nini

Kama hataza yako ni ya asilimia au pH, na ushahidi ni jedwali safi la ndani na nje ya wigo, nguzo yako ni Munich. Washington ijengee ukuta wa pili wa madai yanayounganisha pH na kitu kingine, kibafa fulani (kitu cha kuishikilia pH isibadilike) au kihifadhi fulani, kwa sababu pH peke yake itakumbana na Valeant.

Kama ni chumvi, usiitegemee chumvi kokote. Tafuta kwenye daftari sifa ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Kama haipo, dai njia ya kuitengeneza, ukubali ulinzi mwembamba.

Kama ni molekuli mpya ya asidi, Washington inakupa ulinzi mpana zaidi, hasa ndugu zake wakiwa wanajulikana kwa kutotabirika. Munich punguza dai mwenyewe kabla hujapunguziwa.

Na kama mali yako kuu ni hadithi, kwamba makampuni matatu yalijaribu asidi hiyo yakaacha, kwamba wataalamu waliandika haiwezekani, basi iandae kwa ajili ya mashahidi wa Washington, watakaohojiwa na kupingwa ana kwa ana. Munich huisikiliza hadithi hiyo pale tu mizani inapokuwa imesimama katikati.

Jaribio la ulinganifu lifanywe kabla ya siku ya kuwasilisha ombi: chumvi yako kando ya ile ya karibu zaidi iliyochapishwa, kundi moja la dawa, mashine ile ile, unyevu ule ule, joto lile lile, wiki zile zile. Asidi ndiyo iwe tofauti pekee, na matokeo yote yaingie kwenye ombi, hata yale yasiyopendeza.